Mbeba Habari

Bosi wangu ana duka la mabegi na viatu pale Makoroboi, na mimi ndiye mwandishi wake wa matangazo. Kila mwanzo wa mwezi ananiambia neno lile lile: "Dogo, niandikie kitu kitakachosambaa." Hasemi kizuri, hasemi cha kweli. Kitakachosambaa. Nami naitikia sawa bosi, napokea alichonacho mfukoni, narudi zangu Kirumba. Wenzangu wa kalamu mnaijua hali hii. Hadithi fupi hailipi kodi ya chumba, kwa hiyo sisi tunaokesha na riwaya usiku ndio haohao tunaoandika mchana "Mzigo umeshuka, wahi kabla haujaisha."

Nimeandika mamia ya matangazo hayo. Ukiacha moja, ambalo nitalisema baadaye, hakuna lililofika hata Buhongwa. Lakini kuna kitu kimoja kilipita mikononi mwangu kikasambaa kama moto wa kiangazi, na wala sikukitunga mimi. Ilikuwa sauti ya WhatsApp, ya dakika moja na nusu hivi, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Septemba 2018. Swali la bosi na sauti ile, nikivitazama vizuri, ni kitu kimoja. Nimejaribu mara mbili kuandika habari ya sauti ile peke yake ikatoka kama kilio cha mtu anayetaka aonewe huruma. Safari hii nitaanzia mbali, kwenye historia ya huku kwetu, maana naamini sauti ile haikuzaliwa mwaka 2018.

Kwanza tukio lenyewe. Alhamisi ya tarehe 20 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kule Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walimaliza shughuli zao wakapanda kivuko cha MV Nyerere kurudi makwao, wao na mahindi yao na saruji yao. Karibu kabisa na gati la Bwisya, mahali ambapo aliye nchi kavu angeweza kumwita kwa jina aliye chomboni, kivuko kikapinduka. Kilitengenezwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Mama mwenye nyumba wetu ni Mkara. Anauza dagaa Mwaloni, na uani kwake tumepanga vijana sita, wote anatuita "wanangu" na wote tunadaiwa. Mtoto wa kaka yake, ambaye amemlea mwenyewe toka akiwa anatambaa, alikuwa kwenye kile chombo. Ijumaa nzima mama alikaa kwenye kigoda mlangoni simu ikiwa mapajani. Hakulia. Kila anayeingia alimuuliza, "Mwanangu, umesikia lolote?"

Jumamosi likatokea jambo ambalo kila mtu anayekaa kando ya ziwa hili analikumbuka. Wapiga mbizi wakamtoa mtu hai. Siku mbili tangu kivuko kipinduke, akatolewa fundi wa chombo chenyewe, alijisitiri mahali hewa ilipobaki. Redio zikasema, televisheni zikaonyesha, na ilikuwa kweli kabisa. Jioni ile ile ndipo ikaja ile sauti. Mwanamume, lafudhi ya visiwani, anahema kama mtu aliyekimbia: ati wamesikika wengine wakigonga bodi kwa ndani, wametolewa saba, wote vijana, wanapelekwa Nansio kwa boti. "Wajulisheni ndugu zao," akamaliza.

Nikawajulisha. Makundi manne, kwa kidole kimoja. Halafu nikavuka ua mbio, nikamwekea mama simu sikioni.

*

Sasa bwana, kwa nini niliamini? Elimu ninayo kidogo, na ujinga wa kuamini kila kitu sina. Nadhani jibu liko mwaka 1996.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ikitokea Bukoba kuja Mwanza ilipinduka asubuhi, mji ukiwa hauko mbali tena. Wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya 800. Makaburi yao yapo pale Igoma, na mtu wa Mwanza akipita na daladala huwa anageuza shingo hata kama hana ndugu pale. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Lakini nimekua na hadithi ya MV Bukoba kama mtoto mwingine anavyokua na hadithi za sungura, na kiini cha hadithi hiyo si idadi ya wafu. Ni kugonga. Meli ilipinduka ikabaki inaelea, watu wakiwa hai ndani yake, wakigonga bodi, na waliokuwa juu wakawasikia. Bodi likatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo inavyosimuliwa kila nyumba, na kila anayesimulia hushusha sauti afikapo pale pa kugonga.

Kwa hiyo mtu wa sauti ya 2018 aliposema "wanagonga", hakutuletea habari mpya. Alituletea habari ambayo mji mzima ulikuwa unaisubiri kwa miaka 22, na safari hii yenye mwisho tulioutaka sisi. Kidonda kilikuwa wazi tayari, yeye akamimina dawa bandia.

Kule Marekani, wataalamu wawili, Gordon Allport na Leo Postman, walitoa mwaka 1947 kitabu juu ya uvumi wa wakati wa vita. Walisema uvumi hukua pale mambo mawili yanapokutana: jambo ni kubwa kwa wanaolisikia, na ukweli wake haujulikani vizuri. Ondoa moja, uvumi unakufa. Ukiniuliza mimi, Ukara yote mawili yalijaa mpaka yakamwagika. Na Machi 2018, miezi sita tu kabla ya kivuko chetu, jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu wa MIT waliofuatilia habari 126,000 hivi zilizopita Twitter tangu 2006 hadi 2017. Wakakuta uongo unakwenda mbali kuliko ukweli, tena haraka, na uwezekano wa mtu kuurusha uongo ni asilimia 70 zaidi. Wengi walidhani lawama ni za mitambo inayorusha habari yenyewe. La, wakasema ni watu.

Watu. Yaani mimi. Lakini hapo ndipo ninapotaka tusikubali haraka, maana ukisoma utafiti ule vibaya utadhani kila kinachosambaa ni uongo, na kwamba kazi ya kusambaza imeanza na simu. Mkoa huu umesambaza mambo makubwa kabla hata ya umeme.

*

Nenda Bujora, pale Kisesa, njia ya Musoma, mwezi wa Juni. Utakuta mashindano ya ngoma, na katika ngoma hizo ndimo nilimopata elimu ya matangazo kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Asili yake ni karne ya 19, na inasemwa waanzilishi wake, Ngika na Gumha, walikuwa mafundi wa dawa waliogombea ukubwa. Utaratibu wake ni huu. Baada ya mavuno, pande mbili zinacheza siku moja, saa ile ile, uwanja mmoja, huku na kule. Hakuna jopo la majaji lenye karatasi. Watazamaji wako huru kutembea. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda.

Hebu fikiria hali ya manju pale. Anaimba, anaona kwa macho yake watu wanaanza kuchoka, mmoja anageuka, wawili wanamfuata, baada ya muda mgongo wa umati wote unamwelekea yeye. Sisi tunaandika hadithi mhariri anakaa nayo mwaka mzima bila neno, kumbe kuna watu walijua matokeo kabla jasho halijakauka! Ndiyo maana wakabuni kila aina ya kivutio. Wapo waliocheza na chatu, wapo waliotumia fisi, wapo waliopanda juu ya miti mirefu kama miguu, na dawa za kuvuta watu zilitafutwa kwa gharama. Bosi wangu angefurahi sana zama zile.

Lakini chatu anavuta macho tu. Hakuna anayeondoka na chatu nyumbani. Kitu ambacho mtu aliondoka nacho ni wimbo, na manju mzuri aliujua ujanja wa kuutunga ili ubebeke: mstari mfupi, mwitikio ambao hata mlevi anaushika, na ndani yake jina la mtu au jambo la mwaka ule ule. Mtu akirudi kijijini kwake siku ya pili yake anakuwa na cha kuwapa wenzake. Anasema, "Nilikuwepo, sikilizeni walivyomwimba fulani." Wimbo unampa heshima yeye aliyeubeba. Hapo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakikosea katika matangazo yangu yote. Nilikuwa najiuliza bosi atapata nini msomaji akirusha tangazo. Sikuwahi kujiuliza msomaji mwenyewe anapata nini kwa kulirusha. "Mzigo umeshuka" haumpi mtu heshima yoyote mbele ya shemeji yake.

Na jambo lingine, ambalo wakati ule sikulitilia maanani: manju alikuwa anaonekana. Akimwimba mtu kwa uongo, jina lake linajulikana, kijiji chake kinajulikana, na upande wa pili una manju wake anayesubiri kumjibu palepale.

*

Kisa cha pili ni cha pamba, na hiki nakipenda zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima wa Usukuma alikuwa analima pamba na kuiuza kwa wanunuzi binafsi, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na malalamiko makubwa yalikuwa mizani. Mkulima anajua gunia lake, amelibeba kichwani, lakini mizani ya dukani inasema vingine. Kulalamika watu walilalamika miaka mingi. Malalamiko ni habari, lakini ni habari isiyotembea mbali, kwa sababu kila mtu tayari anayo ya kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, katibu wao akiwa Paul Bomani aliyezaliwa mwaka 1925, wakafanya jambo dogo la ajabu. Wakaweka mizani yao. Mkulima anapima kwanza pale, kisha anakwenda kwa mnunuzi na tarakimu yake kichwani. Basi.

Tazama kilichotokea hapo kwa macho ya mtu wa matangazo. Hawakumwambia mkulima "unaibiwa." Walimwacha aseme mwenyewe. Kila aliyepima alitoka pale na habari ambayo ni yake peke yake: gunia langu mimi, kilo zangu mimi, pengo langu mimi. Habari ya namna hiyo mtu hawezi kukaa nayo. Ataisema kwenye pombe, ataisema kisimani, ataisema kanisani kama padri atachelewa. Na anayeisikia hana haja ya kuamini maneno, anaweza kwenda na gunia lake kesho. Vyama vya msingi vya ushirika vikaanza kuandikishwa mwaka 1953. Mwaka 1955 vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, na miaka ya 1960 ilipokaribia kuanza ushirika ulikuwa umeshika pamba yote ya jimbo. Ulihesabiwa kati ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika. Baadaye ukaja kuharibika kwa sababu zake, madeni na ubadhirifu na siasa, hiyo ni makala nyingine na iandikwe na mwenye moyo mgumu.

Nikamwambia bosi anunue mizani.

Alinitazama kama nimeota. Nikamweleza: tutundike begi moja nje ya duka, tulitie kilo 25 za sukari mbele ya watu, walipime wenyewe, waandike kwenye ubao litakaa siku ngapi. Atakayepatia anachukua begi jipya. Akakubali, kwa sababu sukari ingebaki yake. Jamani, pale Makoroboi pakawa na msongamano mpaka mgambo wakaja kuuliza kuna nini. Watu walipiga picha tarakimu zao kwenye ubao, kila mmoja akamtumia mwenzake ambishie. Siku ya tisa, saa nane mchana, mkanda ukakatika, na sukari ikamwagika mbele ya macho ya watu zaidi ya thelathini, nusu yao wakiwa wameshika simu. Video hiyo ndiyo iliyofika Buhongwa. Nasikia hata Shinyanga waliiona.

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Bosi akasimama mlangoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti, "Limekatika, nimeona. Aliyenunua la namna hii alilete, nitalishona bure." Wakaleta. Alishona wiki tatu. Na mauzo, mpaka leo hajui afurahi au anikate mshahara.

*

Kuna karatasi moja ningependa vijana wenye magazeti madogo kama hili letu waikumbuke.

Mwishoni mwa 1954, miezi michache tu baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai, serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi yake huku Usukuma, na marufuku hiyo ikakaa mpaka 1958. Miaka minne chama kinapanuka nchi nzima, huku kwetu hakiruhusiwi. Kwa hiyo habari zilipita penye njia, kwenye mikutano ya ushirika, kwenye nyimbo za wakulima na za ngoma. Wimbo hauombi kibali.

Na ilikuwepo Sauti ya TANU, karatasi iliyochapwa kwa stensili, ile ya kuzungusha mkono na wino unakuchafua. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika humo kuwashutumu maafisa wa serikali. Alishtakiwa kwa kashfa. Mahakama ikampa shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa.

Ninachokitazama hapo si ushujaa wa mtu mkubwa, huo umeshaandikwa. Natazama kwamba karatasi ilikuwa na mwenyewe. Ilisambaa kwa sababu watu walikuwa na hamu nayo kuliko mkate, sawa na sauti yangu ya WhatsApp ilivyosambaa. Lakini siku ilipoulizwa "nani kasema haya?", palikuwa na mtu wa kujibu, na jina lake, na mahakama, na faini.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nadhani walimfikiria mjumbe anayejua ametumwa na nani.

*

Nirudi uani kwetu.

Mama alisikiliza ile sauti mara tatu. Kisha akainuka, na mtu aliyekuwa amekaa siku mbili kwenye kigoda akaanza kutembea kama msichana. Akatafuta shati la kijana, suruali, akachemsha uji akautia kwenye chupa ya chai. Jumapili alfajiri nikambebea begi mpaka bandarini, akapanda meli ya Nansio. Alinishika mkono akasema, "Mungu akubariki, baba."

Nansio alizunguka siku nzima na ile chupa. Hospitalini hawakuwa na vijana saba. Hapakuwa na mtu aliyewaleta, wala boti iliyowaleta. Na Jumapili hiyo hiyo, kule Bwisya, ndiko yalikofanyika mazishi ya pamoja, Waziri Mkuu akiwepo, majeneza yamepangwa. Kijana alikuwa ameshatambuliwa na mjomba wake Jumamosi usiku, kwa mkanda wa suruali. Walimpigia mama simu, haikupatikana, chaji ilikwisha kwa kusikiliza. Alifika Ukara Jumatatu. Alikuta udongo.

Januari 2019 WhatsApp walipunguza idadi ya watu unaoweza kuwarushia ujumbe kwa mkupuo mmoja, ikawa watano, na Aprili 2020 wakabana zaidi zile zilizokwisha kurushwa mara nyingi, ziende kwa mmoja mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo toka 2015. Vyema. Lakini mimi ningetuma hata kama ningeruhusiwa mtu mmoja tu, kwa sababu mtu huyo alikuwa ng'ambo ya ua, na nilikuwa nataka sana kuwa mimi ndiye niliyemletea. Nimejichunguza kwa muda mrefu na hilo ndilo ninaloliona chini kabisa. Si huruma peke yake. Kama yule anayerudi kutoka ngomani na wimbo mpya, nilitaka kuingia mlangoni nikiwa na kitu.

Yule mwenye sauti sikumpata. Nilijaribu kuifuata kinyumenyume: nilimuuliza aliyenitumia, akanitajia aliyemtumia, yule akanitajia kundi la watu wa mpira Nyakato, na hapo uzi ukakatika. Kila niliyemuuliza alisema neno moja: "Na mimi nilitumiwa." Pengine hata hakuwa muovu. Pengine alisikia mtu anasema wengine wamegonga, akasimulia alichosikia, namba saba ikaongezwa na hamu yake mwenyewe. Sijui kama hilo linanipunguzia kitu.

Nilikwenda kumwomba mama msamaha baada ya arobaini. Nilipiga magoti. Akaniambia, "Inuka. Ulifurahi, ndiyo ukaleta." Kisha akaniuliza kodi ya Oktoba.

Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, ndege ya abiria ilianguka ziwani Bukoba, ikikaribia uwanja. Ilikuwa na watu 43. Kabla ya saa nne simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani kama ina homa: picha za mkia wa ndege juu ya maji, kijana mvuvi aliyefungua mlango, idadi ya waliookolewa, idadi nyingine, sauti za watu wanaohema. Nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa mama, ameshika simu yake.

"Umetuma?"

"Shikamoo mama. Sijatuma."

"Marahaba. Na mimi sijatuma." Akaangalia ndani, akaona redio. "Iwashe basi."

Akavuta kiti. Tulikaa hapo mpaka jioni, walipotaja kumi na tisa.